Maneno ya Kamati kwa Wanachama Baada ya Msimu wa 2024



Mwaka 2024 tumeuvuka, lakini kwa taabu. Mvua zilizidi, maji yakaingia mabondeni, mahindi na mpunga vikaenda nayo. Tarehe 3 na 4 Mei kikapita kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar es Salaam ikakatika huku kwetu Kilwa, pale Somanga, na unga ukapanda bei dukani.

Hapo kangomba akapata mlango. Mikorosho ikiwa bado maua, wenye shida walifuatwa nyumbani usiku: chukua debe la mahindi leo, korosho utalipa msimu ukifika. Tusiwacheke wenzetu hao. Mtoto akilia njaa, nani atangoja mnada? Oktoba ikaja, minada ya kwanza kule Tandahimba na Newala ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Wako walioshangilia, na wako waliobeba magunia yao kumpelekea mwenye deni.

Basi, ndugu, tumejifunza nini?

Kwanza: kangomba hafukuzwi kwa maneno wala kwa mgambo peke yake. Anafukuzwa na chakula kilichomo ndani. Kamati inapendekeza chama kiwe na ghala la mahindi. Mwanachama akikwama miezi ya njaa akope debe, alipe debe, au akatwe kwenye malipo ya korosho kwa bei ya siku aliyokopa.

Pili: bondeni tulime, hatukatazi, ila kila kaya iwe na muhogo na mtama huko juu maji yasikofika.

Tatu: korosho zianikwe zikauke sawasawa kabla ya kwenda ghalani. Chache zenye unyevu hushusha daraja la gunia zima.

Matumaini tunayo, ila tusiyatie chumvi. Bei iko mikononi mwa wanunuzi, wengi wao wa India na Vietnam. Mwaka 2018 walitoa bei ndogo mno hata Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300. Kwa hiyo mtu asikope pikipiki kwa kutegemea bei ya mwaka mmoja.

Daftari la ghala liko kwa katibu. Njooni mjiandikishe, na mwenye wazo bora alilete mkutanoni.

Ushirika ni nguvu!