NUNUA GARI, USINUNUE KITANDA

Siku hizi mijini kumezuka hamu mpya, nayo si mbaya hata kidogo. Ni hamu ya kuwa na gari la kulala. Mtu ananunua vani iliyokwisha tumika, anang'oa viti vya nyuma, anamwita seremala amtengenezee kitanda, kabati na mahali pa jiko, kisha anaipakia familia yake na kuondoka. Wenzetu wa Ulaya wana desturi hiyo tangu miaka ya 1950, walipoanza kulala ndani ya zile vani za Volkswagen ambazo sisi tulizoea kuziita Kombi. Hapa kwetu wanaoulizia habari hizi si matajiri. Wengi ni watumishi waliojinyima miaka kadhaa, na wastaafu wenye kiinua mgongo mkononi. Ndiyo maana leo nimeona tulizungumze jambo hili kwa makini, maana kiinua mgongo hakitolewi mara mbili.

Hamu yenyewe ina haki yake. Chukueni mfano wa Mikumi. Hifadhi hiyo ya taifa ilianzishwa mwaka 1964, na ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Iko kilometa 300 hivi kutoka Dar es Salaam, na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia inaikata kwa kilometa 50. Abiria wa mabasi huwaona twiga, pundamilia na tembo kupitia dirishani. Wako watu waliopita hapo mara ishirini wakienda misibani na harusini, lakini hawajapata hata siku moja kuingia langoni. Sababu mojawapo ni malazi. Baba, mama na watoto watatu wakilala hotelini siku mbili, mshahara umekwenda. Mwenye kitanda chake garini amejipunguzia mzigo huo, na anaweza hata kuendelea hadi Kilosa kuwasalimu jamaa, akipita kijiji cha Ulaya, ile Ulaya isiyohitaji pasipoti.

Taabu ni kwamba wengi wetu huanzia kwenye kitanda. Tunaingia yadi ya magari, tunapima urefu wa sakafu, tunatazama kama paa liko juu, tunafurahia mapazia, kisha tunalipa. Kumbe kitanda ni kazi ya seremala wa siku tatu, na kikikosewa kinavunjwa na kufanywa upya. Fremu iliyoliwa na kutu haifanywi upya na seremala. Kwa hiyo neno langu la leo ni moja tu: nunua gari, usinunue kitanda.

Kwanza, hesabu safari zako. Ukienda Mikumi mara moja kwa mwaka, huhitaji vani. Panda basi, au panda treni ya reli ya kisasa, ambayo tangu mwaka 2024 inachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na kupita Kilosa, kisha ukodi gari la kukutembeza. Vani ni ya mtu atakayeitumia mara nyingi, na ikiwezekana imfanyie na kazi nyingine siku za juma.

Pili, chagua aina ya gari kwa kuangalia vipuri. Jiulize hivi: nikiharibikiwa Kilosa Jumamosi saa kumi na moja jioni, fundi wa pale anaijua injini hii? Duka lina kifaa chake? Kwa swali hilo Toyota HiAce hushinda, kwa sababu ndiyo kipanya tuliyoipanda miaka yote, na mafundi wetu wamejifunzia ufundi juu yake. Vani nyingine inaweza kuwa nzuri zaidi ndani na bei yake ikawa ya chini, lakini kifaa kimoja kikikosekana utakisubiri siku tatu kutoka mjini.

Tatu, jua gari linatoka wapi. Liko linaloagizwa moja kwa moja kutoka Japani. Hilo mara nyingi lilipitia mnadani, na mnada hutoa karatasi ya ukaguzi. Idai karatasi hiyo na utafute mtu wa kukusomea. Likiandikwa alama ya herufi R, maana yake ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Uliza pia lilitumika sehemu gani. Kaskazini mwa Japani, kama vile Hokkaido, theluji ni nyingi na barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Chumvi hiyo hula bodi kutoka chini, huku juu rangi ikiendelea kung'aa.

Liko pia gari lililokuwa daladala. Bei yake huvutia, lakini limefanya kazi alfajiri hadi usiku kwa miaka, na huenda limechomelewa mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka. Na liko lililokuwa likitembeza watalii, lenye paa la kufunguka. Hilo limekuokolea kazi ya paa, ila limepita kwenye mashimo mengi. Popote litokapo, usiiamini saa ya kilometa, kwa sababu hurudishwa nyuma. Tazama pedali za breki na klachi, tazama usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai kilometa 60,000 huku mpira wa pedali umelika hadi chuma kuonekana, linakudanganya.

Nne, lala chini ya gari kabla hujalala ndani yake. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji wala wa dalali. Mpe tochi na bisibisi, agonge fremu, vishikizo vya springi na kingo za sakafu. Palipooza patalia tofauti. Inua mazulia, maana harufu ya ukungu na matope yaliyokauka pembeni ni dalili ya gari lililozama majini. Fika asubuhi injini ikiwa baridi, na uione inavyowaka. Moshi wa samawati usiokoma ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unaweza kuwa ni maji yanayoingia mahali pasipo pake. Kwenye HiAce injini imekaa chini ya viti vya mbele, na ikichemka sana silinda hedi huweza kupasuka, hivyo rejeta na mabomba yake yakaguliwe vizuri. Injini za dizeli za 2L, 3L na 5L zina mkanda wa taiming unaotakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Kama muuzaji hana uthibitisho, weka mpya mwenyewe kabla ya safari ya kwanza. Kisha uliendeshe gari mlimani likiwa na mzigo, si kuzunguka yadi.

Tano, uzito. Hapa ndipo wengi huharibu gari zuri. Vani nyingi za mizigo za aina hii zimeandikwa kubeba kilo 1,000 hivi. Sasa tuhesabu. Plaiwudi ya milimita 18 ina kilo 30 hivi kila karatasi. Ukitumia nane ni kilo 240. Mbao ngumu za fremu, kilo 100. Maji lita 60 ni kilo 60. Mtungi mkubwa wa gesi uliojaa, kilo 30. Betri ya pili, kilo 20. Magodoro na vyombo, kilo 60. Kichanja cha chuma juu ya paa, kilo 80. Watu watano, kilo 350. Jumla ni kilo 940, na bado shangazi wa Kilosa hajakupa gunia la mpunga. Hapo umekwisha zidi, na breki ndizo za kwanza kulijua jambo hilo.

Utaniuliza, mbona daladala ilijaza watu na ikaenda? Ilienda, lakini abiria hushuka kituoni. Kabati halishuki. Springi zinalibeba usiku na mchana. Kwa hiyo tumia mbao nyepesi, plaiwudi nyembamba pale panapofaa, na vitu vizito viwe chini, si juu ya paa.

Kumbuka pia ardhi ya huko. Uwanda wa Mkata ndani ya hifadhi una udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha hugeuka uji. Gari la tumbo la chini lililojaa makabati litanasa hapo, hata tairi ziwe mpya. Kilosa nako, mto Mkondoa ulionyesha nguvu zake katika mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, ulipohamisha maelfu ya watu na kung'oa reli. Safari ya masika ipangwe kwa kuuliza wenyeji kwanza.

Sita, karatasi. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, na jina lililo kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kadi inaonyesha pia aina ya bodi na idadi ya viti. Ukibadili, iarifu mamlaka inayohusika na uiarifu bima. Ajali ikitokea gari likiwa tofauti na karatasi zake, utajikuta unabishana peke yako.

Mwisho ni usalama wa kulala. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Acha tundu la hewa chini karibu na mtungi, na upikie nje. Jiko la mkaa lisiingizwe garini kamwe, hata makaa yakionekana yamezimika, maana hewa yake huua watu wamelala. Madirisha yawe na neti na yafunguke. Na ndani ya hifadhi hulali popote unapopenda. Kuna viwanja vya kambi vilivyotengwa, na usiku hakuna kuzunguka.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ukiona vani Jumatatu, usilipe Jumanne. Tenga sehemu ya fedha kwa tairi, breki na mkanda hata kabla ya kumwita seremala. Mwaka wa kwanza tandika godoro sakafuni, mfike Mikumi na mrudi salama. Gari likithibitisha kuwa ni gari, kitanda kitakuja chenyewe.