Njia ya Matembezi: Majibu kwa Wana-Marangu



Mwaka huu tunachangia njia ya matembezi kando ya mfongo, ili wazee na watoto watembee bila kukwepa bodaboda barabarani. Manung'uniko tumeyasikia, na kosa tunalikiri: tulipigilia vigingi kabla ya kuwauliza wenye vihamba. Vigingi hivyo tumeving'oa.

Je, vihamba vitamegwa? Hapana. Wazazi wetu wamezikwa humo. Njia itafuata ujia uleule tunaopita tukienda kusafisha mfongo. Pale unapokatiza kihamba, mwenyewe akikataa, tutazunguka.

Je, vibanda vya biashara vitafuata hadi mtoni? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sisi hatutajenga hata kimoja.

Je, ndizi zitaibiwa? Wizi upo hata sasa, hatuwezi kuahidi utakwisha. Tutapanda masale mipakani, na jioni njia itafungwa.

Je, fedha? Hakuna shilingi itakayotumika kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Ukikataa, michango yote itakarabati mfongo.

Kwetu, anayeomba radhi huja na jani la isale, na aliyekosewa halikatai. Nasi tumekuja nalo. Desemba mkipanda nyumbani, njooni tuutembee ujia huo pamoja, mseme wapi upite na wapi usipite. Kisha mchangie.