Shule ya Kutwa: Wasemavyo Wazazi na Waonavyo Wanafunzi

(Maneno ya hotuba kwa wazazi)



Katika sehemu nyingi za Kenya hapana shule isemwayo sana kama shule ya sekondari ya kutwa iliyo karibu na watu. Husemwa sokoni, husemwa kwenye kinu cha kusagia mahindi, na watu watokapo kanisani au msikitini husemwa tena. Wazazi wana maneno yao, na wanafunzi wana yao. Walakini ni mara chache pande hizi mbili kusikilizana. Makusudi ya hotuba hii ni kuyaweka maneno hayo pamoja, ili mzazi apate kuyapima sawasawa kabla ya kuuza ng'ombe au kukodisha shamba kwa ajili ya shule ya mbali.

Kwanza yafaa kujua kwa nini watu huipenda sana shule ya bweni. Shule za sekondari za Waafrika zilipoanza zilikuwa chache mno. Shule ya Alliance ilipofunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926, mwanafunzi aliyetoka mbali hakuwa na njia ya kurudi kwao jioni. Bweni lilikuwa jambo la lazima. Lakini kwa kuwa wengi waliosoma katika shule za namna hiyo walikuja kuwa waalimu, matabibu na wakuu wa Serikali, watu wakadhani ya kuwa ni bweni lililowafanya hivyo. Baada ya Uhuru wa 1963 wananchi walijenga shule nyingi kwa Harambee, na tangu 2003 fedha za maendeleo ya maeneo ya bunge zikajenga nyingine. Mwendo wa mtoto ukafupika, lakini fikira za zamani zimebaki.

Neno la kwanza la wazazi ni matokeo ya mtihani. Husema, "Shule ile haipasishi." Huutazama wastani wa mtihani wa KCSE, wakaulinganisha na ule wa shule ya kitaifa, kisha hukata shauri. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Kwa miaka mingi, mpaka KCPE ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto waligawanywa kwa alama zao katika jumla ya 500. Waliopata nyingi zaidi walichukuliwa na shule za kitaifa, waliofuata wakaenda katika shule nyingine za bweni, na wengi wa waliosalia wakapokelewa na shule ya kutwa. Mkulima aliyepewa mbegu bora na udongo mweusi hawezi kushindanishwa na jirani yake mwenye mbegu za kubakia kwa kuhesabu magunia tu. Swali la haki ni hili: mtoto aliingia na alama gani, naye alitoka na daraja gani? Shule iliyompokea mtoto wa alama 220 ikamfikisha daraja ya C+, ambayo ndiyo ya chini kabisa ya kuingilia masomo ya digrii katika chuo kikuu, imefanya kazi kubwa, ijapokuwa jina lake halitajwi popote.

Neno la pili ni adabu. Wazazi husema kwamba mtoto wa kutwa hukutana na maovu njiani, na ya kuwa ukuta wa bweni humlinda. Hofu hiyo si ya bure, hasa kwa wasichana wanaotembea alfajiri na magharibi. Lakini ukuta peke yake hauleti adabu. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa kwa moto uliotiwa usiku ndani ya bweni. Msiba ule ulifundisha ya kuwa mtoto aliye mbali na macho ya mzazi aweza kuwa katika hatari ambayo mzazi hana habari nayo.

Neno la tatu ni gharama, na hapa hesabu zenyewe husema. Katika karo zilizotangazwa na Serikali mwaka 2015, mzazi wa bweni aliwekewa Shs. 53,554 kwa mwaka, na mzazi wa kutwa Shs. 9,374, baada ya Serikali kutoa Shs. 12,870 kwa kila mwanafunzi. Tangu 2018 Serikali iliichukua na ile sehemu ya mzazi wa kutwa, msaada wake ukawa Shs. 22,244. Mzazi alibakiwa na sare, chakula cha mchana na mambo mengine madogo. Hata hivyo wako wazazi wasemao, "Kitu cha bure hakina thamani," wakaenda kukopa. Tofauti ya fedha hizo, kama ingetumika kununua taa, vitabu na chakula, ingetosha kuibadili shule ya karibu machoni pa mtoto.

Sasa yasikilizwe maneno ya wanafunzi, kwa maana wao hawalalamikii jina la shule kama wazazi wao. Mwanafunzi wa kutwa akiulizwa, husema habari ya njia. Ameamka kungali giza, ametembea saa nzima au zaidi, na akifika darasani usingizi humshika. Husema habari ya chakula, kwa kuwa asiyelipiwa githeri ya mchana huketi chini ya mti wenzake wakila. Husema habari ya maabara yenye meza bila dawa wala vyombo, na somo lililokaa miezi bila mwalimu. Kisha husema jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia, nalo ni habari ya nyumbani. Msichana akirudi jioni hungojwa na mtungi wa maji, kuni na mtoto mdogo wa kubebwa. Mvulana hungojwa na ng'ombe. Saa tatu ya usiku, mafuta ya taa yamekwisha, na kazi ya mwalimu haijafunguliwa.

Lakini wanafunzi hao hao wana sifa za kutoa pia. Husema ya kuwa waalimu wao wawajua kwa majina pamoja na wazee wao, na ya kuwa mtoto akiugua mama yake hupata habari siku ile ile. Wako wasemao ya kuwa wamejifunza kuutunza wakati wao wenyewe, bila kuamriwa na kengele. Mambo hayo hayaonekani katika orodha ya matokeo.

Mtu akiyapima maneno ya pande zote mbili ataona jambo moja. Mzazi huitazama shule kwa mbali, na mwanafunzi huiona kwa ndani. Tena nusu ya makosa ambayo mzazi huyatia shuleni, mwanafunzi huyaona nyumbani. Katika shule ya kutwa, nyumba ya mzazi ndiyo bweni. Ikiwa bweni hilo halina taa, wala meza, wala saa ya kusoma, mwalimu hawezi kulitengeneza.

Dawa yake haihitaji mali nyingi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka wajumbe sita waliochaguliwa na wazazi katika halmashauri ya kila shule, na katika sekondari ikamweka pia mjumbe wa baraza la wanafunzi. Kwa hiyo mlango umekwisha kufunguliwa. Lililobaki ni kuingia. Mzazi asingoje siku ya kutangazwa karo. Na aende mkutanoni, aulize juu ya maabara na waalimu wanaopungua, na amwache mjumbe wa wanafunzi aseme bila kukatizwa. Wazazi wa kijiji kimoja waweza kupatana watoto wao watembee pamoja asubuhi na jioni. Na nyumbani, mtoto apewe saa mbili kila usiku zisizoguswa na kazi nyingine, msichana sawa na mvulana.

Mtoto mwenye nafasi nzuri katika shule ya bweni hakatazwi kwenda, wazee wake wakiwa na uwezo. Lakini mzazi asiikimbie shule iliyo karibu kabla hajaingia ndani yake, akaketi na mwanawe, na kumwuliza: "Leo njaa ilikushika? Ni somo gani lisilo na mwalimu? Taa yatosha?" Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Majibu ya mtoto ndiyo yatakayouonyesha ufa ulipo, nao huzibwa kwa bei ndogo kuliko karo ya shule ya mbali.