Mbwa Anayechechemea na Jinsi ya Kupima Goti Lake



Leo sisemi juu ya mpunga wala mihogo. Nasema juu ya mbwa. Ninyi nyote mwajua faida yake: ndiye afukuzaye ndezi shambani, ndiye aingiaye porini na kengele ya mti shingoni, kwa kuwa mbwa wetu wa mawindo hawabweki kama wa Ulaya. Wazungu waliwapenda hata wakawachukua kwao, na mwaka 1937 walionyeshwa London. Lakini hapa kwetu mbwa akianza kuchechemea, mwenyewe husema, "Huyu amekwisha," akamwacha afe njaa. Ngoja kwanza. Mpime.

Kabla ya kumshika, mtazame kwa mbali. Mbwa akiburuta miguu yote miwili ya nyuma, taya limelegea, mate yatoka, sauti imebadilika, yamkini ni kichaa cha mbwa. Usimshike, wala usitie mkono kinywani mwake ukidhani amekwamwa na mfupa. Mtu akiumwa naye, aoshe kidonda mara moja kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate sindano. Asingoje kesho.

Ikiwa mbwa ana akili yake na mguu mmoja tu ndio mbaya, anza chini. Tazama kati ya vidole: mwiba, jiwe, uzi wa mtego uliokaza. "Magonjwa ya goti" mengi huisha hapo.

Sasa goti lenyewe. Wengi hushika kile kifundo cha nyuma kilichochongoka wakisema ni goti. Sivyo. Goti la mbwa liko juu, mbele, karibu na tumbo. Ndani yake mna kano mbili zilizopishana kama vijiti viwili vya msalaba. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Hukatika mbwa apindapo mguu akikimbia, kama vile mguu ukiingia shimoni. Na upande wa Namoya na Salamabila mashimo ya wachimba dhahabu ni mengi, mengine yamefunikwa na majani. Lakini jueni pia kwamba kano hiyo huweza kuchakaa polepole miezi mingi, halafu ikakatika bila mbwa kuanguka wala kupigwa. Basi msikimbilie kumshtaki jirani mbele ya chifu.

Siku ya kwanza mbwa hukunja mguu asikanyage kabisa. Baadaye hugusa chini kwa ncha za vidole. Akikaa kitako, huutupa mguu ule kando. Zikipita wiki kadhaa, paja lake hukonda kuliko la pili, na upande wa ndani wa goti huota uvimbe mgumu.

Kupima kwataka watu wawili. Mwenyewe ashike kichwa, kinywa kimefungwa kwa kitambaa. Mlaze mbwa ubavu, mguu mbaya uwe juu. Kwa mkono mmoja shika mfupa wa paja karibu na goti: dole gumba nyuma, kidole cha shahada juu ya kile kifupa cha goti. Kwa mkono wa pili shika kichwa cha muundi vivyo hivyo, gumba nyuma, shahada mbele. Sukuma muundi mbele, taratibu, bila kuuzungusha. Goti zima halisogei. Kano ikiwa imekatika, muundi huteleza mbele kama mtoto wa meza anayevutwa. Fanya hivi goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa, maana kano iliyokatika nusu huonekana goti likikunjwa tu. Pima na mguu mzima upate kulinganisha. Mtoto wa mbwa husogea kidogo kisha hukwama ghafula. Huo si ugonjwa. Na mbwa mwenye hofu hukaza misuli, hata ukakosa dalili. Mwache apumzike, umpime tena.

Viungo vingi vikivimba pamoja, mwili ukiwa na joto, na kupe wamemjaa, shida haiko gotini. Ugonjwa u katika damu. Macho yakiwa na ukungu na ufizi umekuwa mweupe, yawezekana ni ugonjwa wa mbung'o. Huyo apelekwe kwa mganga wa wanyama.

Mwenye kano iliyokatika afungwe kamba wiki 6 hadi 8, atoke kwa haja tu, naye ashikwe kamba. Twajua jambo hili lafaa: uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1984 ulionyesha kwamba mbwa wasiozidi kilo 15 waliotunzwa bila kupasuliwa, zaidi ya 8 katika 10 walipona au walipata nafuu. Mbwa wakubwa kuliko hao hawakufika hata 2 katika 10. Mbwa wetu wengi ni wadogo; hiyo ni bahati yao.

Usimchome kwa moto. Usimfunge vijiti kwa kukaza, mguu utaoza. Usimpe parasetamoli wala ibuprofeni ya watu. Dawa hizo huweza kumwua mbwa.

Akianza kukanyaga vema, mtembeze kwa kamba kidogo kidogo, kila wiki uongeze njia. Asirudi kwenye wavu kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Na tangu siku hiyo angalia goti la pili, kwa maana kano ya upande ule nayo hukatika mara nyingi.