Magurudumu Matatu Kuelekea Jangwani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya na majirani, jioni ya maadhimisho)



Vijana wa mandir na wenzao wa mtaani wameomba ridhaa ya kupanda Lushoto kwa bajaji tatu, ili kuchangisha fedha za tangi la maji la zahanati yetu. Baadhi ya wazee wameshtuka, na wana haki ya kushtuka. Kwa kuwa nimefundisha ufundi wa injini kwa miaka mingi, kamati imenitaka nitoe maoni yangu. Nitaanzia mbali kidogo, nchini India, kwa maana ndiko vijana walikolipata wazo hili, nao hawakulificha.

Lipo kundi la Waingereza liitwalo The Adventurists. Mwaka 2004 waliandaa kwa mara ya kwanza Mongol Rally, safari ya kutoka Uingereza hadi Mongolia kwa magari madogo ambayo mtu mwenye busara angeyatumia kwendea sokoni tu. Mwaka huo yaliondoka magari 6, yakafika 4. Mwaka 2006 wakaigeukia India, wakaanzisha Rickshaw Run, na safari hii chombo kikawa bajaji. Njia iliyo maarufu huanzia Kochi, katika pwani ya Kerala, na kuishia Jaisalmer, mji wa ngome ya mawe ya manjano iliyojengwa mwaka 1156 pembezoni mwa jangwa la Thar. Hata kwa njia fupi ni zaidi ya kilomita 2,000. Hakuna njia iliyopangwa, wala gari la uokoaji linalofuata nyuma. Unapewa mwanzo na mwisho. Yaliyo katikati ni yako.

Tukitazame chombo chenyewe. Asili yake ni Italia, ambako kampuni ya Piaggio ilikitoa mwaka 1948 kwa jina la Ape, yaani nyuki. Baadaye kampuni ya Bajaj ikaviunda vyombo vya namna hiyo huko India, na jina la kampuni likageuka kwetu kuwa jina la chombo. Wenzetu wa Mombasa wanakiita tuktuk. Bajaji za zamani zilizotumika katika safari hiyo zina silinda moja ya sentimita za ujazo 145 na nguvu ya farasi 7 hivi, nazo huchoma petroli iliyochanganywa na oili. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwazo ni kukimbia. Hazina milango. Gurudumu la mbele ni moja, hivyo ukikata kona kwa pupa chombo hulala ubavu.

Anayetoka Kochi akiamua kupitia Munnar, kwenye mashamba ya chai, hutoka usawa wa bahari na kupanda takriban mita 1,500. Abiria hushuka wakasukuma. Iko pia njia ya Himalaya, upande wa Leh, na huko mambo ni mazito zaidi. Barabara ya Manali hadi Leh hupita Tanglang La, penye kimo cha zaidi ya mita 5,300. Wazee waliowahi kukaa Moshi watanielewa nikisema kwamba hapo ni juu kuliko kilele cha Mawenzi. Hewa yake ni karibu nusu ya hewa ya hapa tulipo. Karbureta inaendelea kumimina petroli ile ile huku hewa ya kuichoma haipo. Plagi inajaa masizi, nguvu inakatika, na zile farasi 7 zinabaki 4, labda chini ya hapo. Fundi mwelewa hupunguza petroli na kusafisha plagi, kisha huomba radhi kwa injini.

Je, chombo hiki hakifai? Kwa safari hiyo, hakifai hata kidogo. Lakini kwa nchi ile kinafaa kuliko gari lolote. Gari kubwa la kisasa likikatika kifaa katika kijiji cha Karnataka, litasubiri kifaa hicho kwa siku kadhaa. Bajaji ikikatika waya wa klachi, fundi yuko ng'ambo ya barabara, waya ananing'iniza dukani, na kazi huisha kabla chai haijapoa. Ndiyo maana wageni wasiojua hata kubadili plagi hufika Jaisalmer: wanafikishwa na mafundi wa njiani ambao majina yao hayaandikwi popote.

Hapo ndipo penye neno langu. Kila timu hutakiwa kuchangisha angalau pauni 1,000 za hisani. Nusu yake huenda kwa Cool Earth, shirika lililoanzishwa mwaka 2007 kusaidia wakazi wa misitu ya mvua, ukiwamo msitu wa Kongo. Fedha hizo ni mbali na ada ya kushiriki na kukodi bajaji. Utengano huo naupenda, kwani mtoaji anajua shilingi yake haikununua starehe ya mtu. Ila kazi ya yule fundi haimo katika hesabu yoyote. Tena, jambo ambalo kwa mgeni ni ujasiri wa wiki mbili, kwa dereva wa kijiwe chetu ni kazi ya kila siku, mvua na jua, na hakuna anayempigia makofi.

Waandaaji wenyewe huwaonya washiriki waziwazi kwamba wanaweza kuumia au kufa. Nasi tusiwadanganye wazazi. Barabara kuu ina malori, na kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 30 hivi za kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde.

Pamoja na hayo, nashauri wakubaliwe. Safari iwe ya mchana tu, na breki zikaguliwe Mombo kabla ya kupanda na Lushoto kabla ya kushuka, kwa maana kushuka ndiko kunakoua. Petroli na chakula vitoke mifukoni mwa vijana. Kila shilingi ya mchango iende kwenye tangi, na hesabu ibandikwe ukutani hapa na pale zahanati. Fundi wa njiani alipwe anachodai, bila kupunguziwa kwa kisingizio cha hisani.

Mafunzo yataanza Jumamosi saa moja asubuhi. Madereva watatu wa kijiweni wamekubali kufundisha, na ujira wao wa siku umo katika bajeti ambayo Mwekahazina anayo mkononi.