Hotuba Juu ya Ughali wa Maisha Hapa Dodoma



Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu, lakini miaka mingi ilipita, na wengi wetu tukadhani ni maneno tu. Mwaka 2016 safari ikaja kweli. Makarani walifuata wizara zao, wakakuta nyumba ni chache kuliko watu. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mara moja, pengine ya mwaka mzima. Basi karani mgeni huanza kazi akiwa na deni.

Katika chakula twaomba radhi tuseme kweli. Nchi hii ya Wagogo hupata mvua msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na nafaka zake ni uwele na mtama. Sisi twataka wali wa nazi, kana kwamba Pwani imehama pamoja nasi! Nazi husafiri zaidi ya kilomita 400, na nauli yake hulipwa na mlaji. Ugali wa uwele kwa mlenda hautatuvunjia heshima.

Lakini nyumba haina badala. Tena mwenyeji apangaye chumba Majengo au Chang'ombe hutajiwa bei ile ile tutajiwayo sisi, naye hakupewa posho ya uhamisho. Kwa hiyo twaiomba Halmashauri ya Chama, itakapoiandikia Serikali, isitaje posho yetu peke yake, bali iombe nyumba za kodi nafuu kwa wenye kipato kidogo, wageni na wenyeji pamoja.