Kompyuta Mbili, Nyumba Moja, Hazionani

Msikilizaji, una kompyuta mbili za Windows nyumbani, lakini faili halitoki hii kwenda ile. Kabla ya kumwita fundi, tazama jina la Wi-Fi kwenye kila moja. Iliyoshika mtandao wa wageni haitaiona nyenzake. Ruta nyingi huwatenga wageni makusudi, na ni vyema hivyo.

Mtandao ni mmoja? Ingia kwenye mipangilio. Windows ikidhani uko mahali pa umma, huificha kompyuta. Chagua mtandao wa binafsi, kisha washa kushiriki faili.

Bado? Achana na jina la kompyuta ya pili, andika anwani yake: mikwaju miwili iliyoinamia kushoto, kisha namba, mathalani 192.168.1.5. Ukikuta inaanza na 169.254, ruta haijaipa anwani. Izime ruta, uiwashe tena.

Ukiulizwa nenosiri, ni la akaunti ya kompyuta yenye faili, si la Wi-Fi, wala si PIN ya kufungulia skrini. Hapo wengi hukwama.

Na atakayekushauri uwashe SMB toleo la 1, njia ya zamani ya kushiriki faili, mkatalie. Kirusi cha WannaCry kilipitia humo Mei 2017.